Marejeo ni Ngamani: Safari ya Pointa tangu 1949

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa lugha ya Java hadharani, moja ya sifa zilizotangazwa kwa fahari ni kwamba lugha hiyo haina pointa. Waandishi wengi wa programu, waliokuwa wamechoshwa na C na C++, waliipokea habari hiyo kwa shangwe. Wakaanza kuandika Java. Programu zao zilipoanguka, mashine iliwatolea jina la kosa kwenye skrini: NullPointerException, kosa la pointa tupu. Lugha iliyoahidi kuziondoa pointa ilikuwa imeliita kosa lake mashuhuri kuliko yote kwa jina la kile kile ilichodai kukiondoa.

Jina hilo lilisema kweli. Swali la kama lugha za programu zinahitaji pointa limezua mabishano makali kwa zaidi ya nusu karne, na wanafunzi wengi wanaoanza na C hukutana nalo wakiwa bado hawajajua kinachobishaniwa. Mimi naamini jibu limo katika historia kuliko katika mabishano, kwa hiyo nairudia njia ile ya zamani, mashine kwa mashine.

Kwanza kitu chenyewe. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama ukuta wa masanduku ya barua posta: kila sanduku lina namba, na ndani mna kitu. Namba ile ndiyo anwani. Pointa ni pale unapofungua sanduku ukakuta, badala ya barua, kikaratasi chenye namba ya sanduku jingine. Kwa nini mtu aweke namba badala ya kitu chenyewe? Kwa sababu huenda kitu ni kikubwa mno kuhamishwa. Au watu kadhaa wanakihitaji kile kile, na kikibadilika wote wanapaswa kuona. Tena ukibadilisha namba iliyo kwenye kikaratasi, umepanga upya mambo yote bila kusogeza chochote.

Tarehe 6 Mei 1949, katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iitwayo EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza. Ilichapa matokeo ya kila namba kuanzia 0 hadi 99 ikizidishwa kwa yenyewe. Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wamejenga mashine iliyotunza kumbukumbu yake katika mirija ya zebaki, tarakimu zikizunguka humo kama mapigo ya sauti. Kila amri ilibeba anwani ndani yake: jumlisha kilichomo kwenye anwani 100, basi. Sasa tuseme una namba 50 zilizopangwa kuanzia anwani 100, nawe unataka jumla yake. Ama uandike amri 50 za kujumlisha, ama ufanye walivyofanya watu wa Cambridge. Kwa kuwa amri nayo ni namba tu iliyokaa kwenye kumbukumbu, programu iliichukua amri yake yenyewe, ikaiongezea anwani, ikairudisha mahali pake, kisha ikaitekeleza upya. Programu ilijiandika upya huku ikienda.

David Wheeler, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikumbana na tatizo gumu zaidi. Alitaka kipande kimoja cha msimbo kiitwe kutoka sehemu nyingi za programu, na kila kinapomaliza kazi kirudi pale kilipoitiwa. Lakini kirudi wapi, ikiwa kila anayekiita yuko mahali tofauti? Jibu lake lilikuwa zuri ajabu. Anayeita aliacha alama ya mahali alipo katika akumuleta, yaani sehemu ya mashine inayoshika matokeo ya hesabu, na kipande kilichoitwa, kabla ya kuanza kazi, kiliitumia alama ile kutunga amri ya kurudi na kuipachika mwishoni mwake. Anwani ya kurudia ikawa kitu cha kupokezana, kama namba nyingine yoyote. Kwangu mimi pointa ilizaliwa hapo, kabla haijapewa jina na kabla hakujawa na lugha ya programu ya kuikubali au kuikataa. Ilizaliwa kwa sababu bila hiyo kazi haikwenda.

Ila kujiandika upya kuna gharama. Programu ikishajibadilisha, ukiisoma kwenye karatasi unasoma kitu ambacho si kile kinachotekelezwa. Mjini Manchester dawa ilipatikana mwaka ule ule wa 1949. Freddie Williams, Tom Kilburn, Max Newman na Geoff Tootill waliiongezea mashine yao rejista ya pembeni, ambayo thamani yake ilijumlishwa kwenye anwani wakati amri inatekelezwa, bila kuigusa amri yenyewe. Herufi A ilikuwa ya akumuleta na C ya udhibiti, kwa hiyo rejista hiyo ikapewa B. Kuanzia hapo anwani ilikuwa na mahali pake pa kukaa, mbali na amri. Sioni kompyuta ya leo isiyo na uzao wa rejista ile.

Historia nyingi zinazoandikwa Magharibi huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi Marekani. Zinaruka Kyiv, na kwa kufanya hivyo zinamruka mtu anayestahili nafasi ya mbele.

Kateryna Yushchenko alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Chyhyryn, Ukraine. Mwaka 1937 baba yake, aliyekuwa mwalimu, alikamatwa kwa tuhuma za utaifa wa Kiukraine, na binti akafukuzwa Chuo Kikuu cha Kyiv. Masomo yake ya hisabati aliyamalizia Asia ya Kati, mjini Tashkent, mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Baada ya vita alirudi Ukraine, na miaka ya 1950 ikamkuta Kyiv mbele ya MESM, kompyuta ambayo Sergei Lebedev na kikundi chake waliijenga Feofaniya, pembezoni mwa jiji, katika jengo lililokuwa la watawa. Mashine ilikuwa na taa za elektroniki zipatazo 6,000 na kumbukumbu finyu. Kuandikia programu mashine ya namna hiyo kwa tarakimu tupu kuliwachosha hata wanahisabati hodari, na Yushchenko akajiuliza ni nini hasa kinachojirudia katika kazi yao yote.

Akaona kinachojirudia ni anwani. Mwaka 1955, akishirikiana na Volodymyr Korolyuk, alitunga lugha iliyoitwa Lugha ya Anwani. Ndani yake kulikuwa na alama moja, kistari kidogo mbele ya jina, iliyomaanisha: chukua kilichomo kwenye anwani hii. Ukiweka vistari viwili, unakwenda kwenye anwani, unakuta anwani nyingine, unaifuata nayo. Kwa vistari hivyo mtu aliweza kueleza orodha, jedwali na mti wa data bila kutaja sanduku moja moja kwa namba. Fortran ilikuwa bado haijatoka. Lugha ya Anwani ilitumika kwenye mashine za Kisovieti kwa miaka mingi, ikafundishwa, ikaandikiwa vitabu, lakini Magharibi haikujulikana sana. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani pointa ni uchafu ulioletwa na C. Yushchenko alifika pale kwa kufikiri juu ya hisabati, na aliichagua pointa kama wazo la msingi la lugha nzima, miaka 17 kabla ya C.

Marekani njia iligawanyika. Fortran ya IBM, iliyotolewa mwaka 1957 na kikundi cha John Backus, haikuwa na pointa. Ilikusudiwa milinganyo na safu za namba, na kwa kazi hiyo haikuzihitaji. Lakini watu hawakubaki kwenye milinganyo. Aliyetaka kuhifadhi mti au orodha inayokua ndani ya Fortran alitangaza safu moja kubwa ya data, kisha safu ya pili yenye namba tu, kila namba ikitaja nafasi ya kitu kinachofuata katika ile ya kwanza. Alikuwa amejitengenezea kumbukumbu yake ndani ya kumbukumbu, na pointa zake mwenyewe, bila msaada wowote wa kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine. Akikosea namba, hakuna aliyemwambia. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Fortran 90 kuzikubali pointa rasmi.

Njia ya pili ilipita kwa John McCarthy. Mwaka 1958, akiwa MIT, alianza kubuni LISP, lugha ambayo karibu kila kitu ndani yake ni orodha. Mashine iliyokuwepo ni IBM 704, ambayo neno lake la kumbukumbu lilikuwa na biti 36, na ndani ya neno hilo mlikuwa na sehemu mbili za biti 15 kila moja. Biti 15 zinatosha kutaja anwani yoyote kati ya 32,768, yaani kumbukumbu yote ya mashine hiyo ikiwa imejazwa hadi mwisho. Kwa hiyo neno moja liliweza kubeba pointa mbili: moja kwa kitu chenyewe, nyingine kwa kinachofuata. LISP imejengwa kwa pointa kuanzia juu hadi chini. Ajabu yake ni kwamba mwandishi wa LISP hazioni. Hawezi kuiongeza pointa moja juu ya nyingine, hawezi kuuliza ni namba gani, wala hawezi kuamua kitu kife lini.

Hilo la mwisho lilimsumbua McCarthy. Alikuwa akiandika programu ya kutafuta nyambuo za milinganyo ya aljebra, na fomula yake ilikuwa fupi na safi, lakini kila hatua iliacha nyuma vipande vya orodha visivyohitajika tena. Angeweza kumlazimisha mwandishi kuvifuta kimoja kimoja. Aliona hilo lingeiharibu fomula. Akaacha kumbukumbu ijae, na ikijaa, mashine yenyewe isimame, ifuate pointa zote zinazoweza kufikiwa na programu, na kila kisichofikiwa ikichukue upya. Mbinu hiyo ikaitwa ukusanyaji wa takataka. McCarthy alisimulia baadaye kuhusu onyesho la LISP mbele ya wageni wa MIT: katikati ya onyesho kumbukumbu ilijaa, na taipureta ikaanza kuchapa taarifa ndefu kwamba mkusanyaji wa takataka ameitwa, kwa mwendo wa herufi 10 kwa sekunde, hadi muda ukaisha na watazamaji wakacheka. Hawakujua kwamba kilichowachekesha ni moja ya mawazo makubwa ya fani hii.

Jina la kudumu lilikuja na PL/I, lugha kubwa ambayo IBM iliiandaa sambamba na kompyuta zake za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964. Harold Lawson, aliyewahi kufanya kazi na Grace Hopper, ndiye aliyeingiza humo kigeugeu cha aina ya pointa, na mwaka 2000 taasisi ya IEEE Computer Society ilimtunukia heshima ya waasisi kwa kazi hiyo. Pointa za PL/I hazikubagua. Pointa moja iliweza kuelekea namba, kisha herufi, kisha rekodi ya mfanyakazi, na lugha haikuuliza.

Kwa Tony Hoare, Mwingereza aliyekuwa akitafakari jambo hilo hilo mwaka 1965, hapo ndipo penye hatari. Alipendekeza kila rejeo, jina alilolitumia kwa pointa, litangaze mapema linaelekea rekodi ya aina gani, ili kompaila ikatae mapema rejeo linalopotea njia. Wazo hilo liliingia katika lugha ya ALGOL W, na wabunifu wa lugha Dahl na Nygaard wakalitumia Oslo katika Simula 67, ambako ndiko programu za vitu, yaani mtindo wa Java na wenzake, zilikotoka. Lakini Hoare aliongeza jambo moja kwa sababu lilikuwa rahisi kulitekeleza: rejeo liruhusiwe kuwa tupu, lisielekee popote. Mwaka 2009, jijini London, alisimama mbele ya mkutano wa waandishi wa programu akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Kosa lile la Java linatokana na uamuzi huo.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, Hoare alikuwa ameandika kwamba marejeo yanaifanyia data kile ambacho amri ya kuruka huifanyia programu: yanakuwezesha kutoka popote kwenda popote, na msomaji asijue umefikaje. Alihofu kwamba kuyaingiza katika lugha za juu ni kurudi nyuma kusikoponyeka. Maneno hayo yanatoka kwa mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuyarekebisha marejeo hayo, ndiyo maana nayapa uzito kuliko ukosoaji wa wengi waliokuja baadaye.

Hofu yake ilikuwa tayari inatimia Murray Hill, New Jersey. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walikuwa wamerithi lugha ya BCPL kutoka kwa Martin Richards wa Cambridge. Katika BCPL kumbukumbu yote ni safu moja ndefu ya maneno yenye namba, na pointa ni namba tu katika safu hiyo. Thompson aliipunguza ikawa lugha ya B, iliyotoshea kompyuta ndogo ya PDP-7 yenye maneno 8,192. Mwaka 1970 ilikuja PDP-11, ambayo anwani zake zilihesabu baiti badala ya maneno, na B ikaanza kuchechemea. Katika kuiponya, Ritchie aliunda C.

Alisimulia mwenyewe mahali uamuzi ulipofanyika, napo ni padogo. Mfumo endeshi wa Unix ulihifadhi kila jina la faili diskini kama rekodi fupi: namba moja, kisha nafasi ya herufi 14. Katika B, safu ilikuwa na pointa iliyofichwa inayoonyesha mwanzo wake. Ritchie alitaka kuielezea rekodi ile kama ilivyo diskini, na diskini hakuna nafasi ya pointa iliyofichwa. Akaamua safu isitunze pointa yoyote. Badala yake, jina la safu likitajwa katika hesabu, kompaila itatengeneza pointa ya kitu chake cha kwanza papo hapo. Ni ufumbuzi wa kupendeza. Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, na tangu hapo C imeenea hadi kwenye viini vya mifumo endeshi ya karibu simu na seva zote tunazotumia.

Bei yake ni kwamba safu ikigeuka pointa, urefu wake unapotea. Anayepokea pointa anajua data inaanzia wapi, hajui inaishia wapi. Na kwa kuwa C inaruhusu kuijumlishia pointa namba yoyote, hakuna kinachomzuia kupita mpaka. Kwa maneno mengine, mambo matatu yaliyokuwa yameanza kutenganishwa yakaunganishwa tena: kukitaja kitu kwa mbali, kufanya hesabu juu ya anwani yake, na kuamua kinakufa lini. McCarthy alikuwa amemwondolea mwandishi la pili na la tatu, na Hoare alikuwa ameliwekea la kwanza ulinzi. C ilimkabidhi mwandishi yote matatu, ikamwamini.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti changa programu inayojisambaza yenyewe. Mmoja wa milango aliyoitumia ni huduma iitwayo finger, iliyosoma maombi kwa kutumia gets, kitendo cha C kinachopokea anwani ya kuandikia na hakipokei ukubwa wake. Nafasi iliyotengwa ilikuwa baiti 512. Programu ya Morris ilituma 536. Zile 24 za ziada zilimwagikia kwenye sehemu inayotunza anwani ya kurudia, ile ile ambayo Wheeler aliifanya kitu cha kupokezana, na mashine ikarudi alikotaka mvamizi. Ilikadiriwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliathirika. Kitendo cha gets kiliondolewa katika C rasmi mwaka 2011.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hoare akiwa katika kampuni ya Elliott Brothers, kompaila yao ya ALGOL ilikagua kila mara kama namba ya nafasi imo ndani ya mipaka ya safu. Kampuni iliwauliza wateja kama wangependa ukaguzi huo uzimwe ili programu ziende kasi. Wakakataa, kwa sababu walikwisha kuona ni makosa mangapi unayakamata. Hoare aliwakumbuka wateja hao katika hotuba yake ya tuzo ya Turing ya mwaka 1980. Ninapoisoma hotuba hiyo nasikitika, kwa kuwa fani ilikuwa imeshaonyeshwa njia na watu waliolipia kompyuta kwa fedha zao.

Uko uwanja mmoja ambao pointa zilishindwa waziwazi, nao ni hifadhidata. Miaka ya 1960 rekodi za wateja na bidhaa ziliunganishwa kwa pointa za diskini, na Charles Bachman, bingwa wa mtindo huo, alimwona mwandishi wa programu kama nahodha anayesafiri kutoka rekodi hadi rekodi. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza rekodi zihusiane kwa thamani tu: namba ya mteja hapa, namba hiyo hiyo kule. Lugha ya SQL iliyotokana na wazo hilo haina pointa, na hakuna anayezililia. Huo ndio ushahidi bora wa wale wanaosema hazihitajiki. Naukubali, kwa kikomo chake: hifadhidata inapotafuta namba hiyo, hushuka kwenye mti wa kurasa ambamo kila ukurasa una anwani za kurasa zilizo chini yake. Codd alimpokonya mtumiaji pointa na kumkabidhi mjenzi wa hifadhidata.

Tukirudi kwa Java, sasa naweza kusema ilichofanya. James Gosling na wenzake hawakuziondoa pointa. Kila kigeugeu cha kitu katika Java kinabeba rejeo, na majina mawili yanaweza kukishika kitu kimoja, kikibadilishwa kwa hili kikaonekana kimebadilika kwa lile. Waliondoa hesabu za anwani, wakarudisha mkusanyaji wa takataka wa McCarthy, wakabakisha rejeo tupu la Hoare. Python inafanya vivyo hivyo, na mwanafunzi asiyejua habari za marejeo atashangaa orodha yake inapobadilishwa na sehemu ya programu ambayo hakuikusudia. Hata Haskell, ambayo kwa kawaida haimruhusu mtu kubadilisha thamani, hutembea juu ya pointa chini kwa chini.

Mwaka 2009 Google ilitangaza lugha ya Go. Mmoja wa waasisi wake watatu ni Ken Thompson, yule yule wa lugha ya B. Go inatumia alama za C kwa pointa, na mwandishi anaona wazi ni wapi ipo na wapi haipo. Lakini kuijumlishia pointa namba hakuruhusiwi, na takataka hukusanywa na mashine. Mtu aliyesaidia kuzileta hesabu za anwani ulimwenguni, baada ya miaka 40, alikaa akatunga lugha isiyo nazo. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo.

Wakati huo gharama ilikuwa ikiendelea kuhesabiwa. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti: mtu alituma ujumbe mfupi, akadai ni mrefu, na seva ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu, nywila zikiwemo. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka unatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Timu ya kivinjari cha Chrome ikapata kiwango kama hicho katika kasoro zake kubwa.

Jibu lililonivutia kuliko mengine ni lugha ya Rust, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Graydon Hoare wa Mozilla na kufikia toleo la kwanza kamili tarehe 15 Mei 2015. Rust haina mkusanyaji wa takataka. Kila kitu kina mwenyewe mmoja, wengine wanaweza kuazima, na kompaila hukagua kwamba hakuna anayeendelea kushika alichoazima baada ya mwenyewe kuondoka, wala hawapo wawili, mmoja akibadilisha na mwingine akisoma. Rejeo tupu halipo: kama kitu huenda kisiwepo, aina yake inasema hivyo, na lazima ushughulikie hali zote mbili. Android, mfumo wa simu nyingi zilizo mifukoni mwa watu wa Afrika Mashariki, ilianza kuandika msimbo wake mpya kwa Rust na lugha nyingine salama, na sehemu ya udhaifu unaotokana na kumbukumbu ikashuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Desemba 2022 Rust iliingia katika kiini cha Linux, toleo la 6.1.

Lakini jaribu kuandika kwa Rust orodha ambayo kila kitu kinamjua jirani yake wa mbele na wa nyuma. Kompaila itakataa, kwa kuwa kitu kimoja kinaonekana kushikwa na wawili. Wengi huishia kuviweka vitu vyote katika safu moja na kuandika namba za nafasi badala ya marejeo, kama mwandishi wa Fortran wa mwaka 1960. Nafasi ikifutwa kisha ikapewa kitu kingine, namba ya zamani itakuelekeza kwa mgeni, na kompaila haitasema neno. Tofauti na Fortran ni kwamba safu ya Rust inakaguliwa mipaka, kwa hiyo kosa linabaki ndani ya ua. Anayehitaji pointa mbichi anaruhusiwa, ila ndani ya sehemu aliyoiandikia waziwazi kwamba si salama. Huo nauona uungwana mkubwa kwa yule atakayeusoma msimbo huo baadaye.

Upo pia msimbo wa C ambao hakuna atakayeuandika upya, nao ni mwingi mno. Kwa ajili yake Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na SRI International ya California, kilianza mwaka 2010 mradi wa CHERI. Miongoni mwa viongozi wake ni Peter Neumann, ambaye miaka ya 1960 alifanya kazi kwenye Multics, mfumo endeshi ulioandikwa kwa PL/I. Katika CHERI pointa ina biti 128. Inabeba anwani, mipaka ya eneo inaloruhusiwa kugusa, na ruhusa za kusoma au kuandika, pamoja na biti moja ya siri ambayo programu haiwezi kuigushi. Bodi za kwanza za Arm zenye mbinu hiyo, ziitwazo Morello, zilitolewa Januari 2022. Msimbo mwingi wa C hukubali kuendeshwa humo kwa marekebisho madogo, na unapovuka mpaka kama ule wa baiti 512, prosesa husimama hapo hapo.

Mipaka ya mahali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya wakati: pointa iliyobaki mkononi baada ya nafasi ya kitu chake kuachiliwa. Kwa hilo wahandisi wa CHERI hukitenga kwanza kilichoachiliwa, kisha huipitia kumbukumbu yote, wakitambua kila pointa kwa biti yake ya siri na kuzibatilisha zote zinazokielekea, ndipo nafasi ile ipewe mwingine. Kupitia kumbukumbu nzima namna hiyo kunagharimu muda, na kuupunguza muda huo ndiko wanakohangaika nako sasa.